Nimeua Ukoo Mzima, Kasoro Kaka

Haya nitakayowasimulia ni kweli tupu, na kama kuna neno hata moja la uongo humu, meno yangu machache yaliyobaki yadondoke yote kwenye kikombe cha chai, tena mbele ya wageni.

Maisha yangu yote ya kazi nilikula kwa kuua. Niliandika riwaya za upelelezi, zile za karatasi nyepesi zenye bastola kwenye jalada na mwanamke aliyeachama mdomo. Shule ya uandishi sikwenda. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa sabuni dukani. Na maiti sikuwa nabuni. Mtu wa kubuni akifa hamuumi mtu. Nilichukua ndugu zangu. Nabadilisha jina, nabakiza mwendo, chafya na namna anavyokunywa chai kwa kelele, halafu sura ya kwanza namlaza chini.

Nilidhani watanisusa. Wapi! Shangazi nilimtilia sumu kwenye dawa ya kifua, akatembea na kile kitabu mkobani hadi harusini: "Maiti ya ukurasa wa tisa ndiye mimi huyu." Mjomba nilimnyonga stoo, akanunua suti mpya. Mama mkwe alininunia mwaka mzima kwa sababu nilimjeruhi tu, sikumuua. Binamu mmoja aliniletea picha mbili za pasipoti, nyuma kaandika: "Kwa ajili ya kuuawa."

Niliyemruka ni mmoja, kaka yangu mkubwa, fundi cherehani. Muswada wangu wa kwanza kabisa nilimpelekea yeye asome. Niliporudi nikakuta amezibandika zile kurasa pamoja, akazikata kuwa kipimo cha suruali. "Angalau sasa hadithi ina miguu," akawaambia wateja wake, wakacheka hadi wakashikana mabega. Nami nikacheka. Toka hapo nikaua kulia kwake na kushoto kwake, yeye nikampita. Kila kitabu kilipotoka alikinunua, akakipekua akijitafuta, akakifunga. "Kizuri," anasema, kama mtu anayesifia karamu aliyoisikia kwa jirani.

Mwaka huu mapafu yake yakachoka. Shemeji, mke wake, akanipigia simu niende. Nikamkuta kitandani, mrija wa oksijeni puani, cherehani yake pembeni imefunikwa shuka.

"Mdogo wangu," akasema, "niue."

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama dari.

"Kitabuni, mjinga wewe! Huku nje kazi hiyo ina mwenyewe na ameshaanza. Nataka nife vizuri mara moja, watu wasome, kabla sijafa hivi hivi kama betri."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Mtaani najiita mwandishi mstaafu, nimechoka na damu. Ukweli ni kwamba mhariri, kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, alinirudishia muswada bila kuufungua. "Mzee, siku hizi watu wanatazama mauaji bure kwenye simu." Lakini nianzeje kumwambia hivyo mtu aliyeukata muswada wangu kuwa suruali?

"Umo," nikasema. "Kitabu kiko mtamboni. Umekufa sura nzima."

"Sura nzima?"

"Na robo."

Akaomba mto, akakaa. Sijawahi kumwona amefurahi vile. "Kesho uje unisomee."

Kesho yake mchana nikaja na bunda la karatasi. Shemeji akakaa miguuni pa kitanda. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: fundi mashuhuri, mawaziri wamepanga foleni mlangoni kwake, anakutwa stoo amening'inia kwenye kamba ya katani, na mlango...

"Umefungwa kwa ndani," akasema kaka.

"Hapo ndipo penye fumbo, kaka."

"Fumbo gani? Hiki kifo cha mjomba. Umemvua mjomba ukanivisha mimi, hata pindo hujakunja."

Shemeji akanyoosha mkono, akaninyang'anya karatasi. Akaigeuza, akairudisha. "Bili ya maji," akasema. "Kumbe, shemeji, aliyemuua mume wangu ni idara ya maji?"

Kaka hakucheka. "Hakuna kitabu."

"Hakuna."

"Umefukuzwa."

"Nimestaafu, kaka."

"Umefukuzwa."

"Nimefukuzwa."

Nilingoja kicheko, nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Badala yake akageukia ukutani, na mrija ukawa unapiga mluzi kila anapovuta pumzi. "Hata mama mkwe wako ulimjeruhi," akasema. "Mimi hata kunikwaruza."

Nikakusanya karatasi zangu. Kaka akamwambia mke wake afunue cherehani.

"Keti hapo. Andika kwa mkono. Msomaji ni mmoja, na ana haraka."

Kwa hiyo nalipa. Kila mchana nakaa kwenye cherehani ile, miguu juu ya pedeli isiyo na kazi, naandika. Wahariri wote niliowahi kuwatukana walikuwa malaika. Nimempiga risasi, akasema kelele nyingi. Nimemtilia sumu, akasema ya shangazi hiyo. Nimemsukuma kutoka ghorofani, akauliza fundi gani anakutwa barabarani na suruali imefumuka. Nami nikiinua kichwa namwona anavuta pumzi kama anayepandisha kabati ngazini, na kalamu inagoma.

Jana nikamuuliza, "Muuaji awe nani?"

"Wewe. Nani mwingine aliyebaki? Wengine wote umeshawamaliza."

"Kaka..."

"Tena kwa jina lako kamili."

"Msomaji atataka sababu."

"Sababu unayo, tangu siku ile ya suruali. Usijifanye unaitafuta."

Nikaandika. Nikaandika mkono wangu, nikaandika mto, nikaandika chumba hiki hiki na mchana huu huu. Nilipofika katikati ya kumsomea, shemeji akatoka nje. Kaka alisikiliza amefumba macho, vidole vikipapasa shuka kama anayepima kitambaa.

"Unanionea huruma," akasema. "Humo hutakiwi kunionea huruma. Chana, rudia. Bado sijafa."

Nikachana.