Chumba Kilichoanguka Nje ya Ubao

Mpaka leo sijaelewa ni nani aliyeshinda mchezo ule. Niliuliza mara tatu, na mara zote tatu nikaambiwa hakuna mshindi. Sasa huo ni mchezo gani? Hata watoto wakiruka kamba, kuna mmoja atakayechoka kwanza.

Tuliitwa, mimi na wifi yangu, kwenye ukumbi wa shule iliyo jirani. Safu yetu ya nyumba kuukuu ilikuwa ibomolewe, na kila kaya ijengewe nyumba mpya isiyo na ngazi, ya kuzeekea. Nyumba yenyewe ndogo. Ili wajue tunataka iweje ndani, eti tucheze. Watu wazima na mvi zetu! Mchora ramani alikuwa binti mwembamba ambaye hakuiachia rula yake tangu tulipoingia, nikamwita Binti Rula moyoni, baadaye ikanitoka na mdomoni. Alitugawia kila wawili ubao wenye miraba, mkasi, karatasi za rangi na kadi zilizofunikwa.

"Kateni vyumba mnavyovitaka, mvipange ubaoni," alisema. "Halafu mtavuta kadi. Kadi ni mambo ya uzeeni. Mkimaliza nitapiga picha ubao wenu, na ramani nitaichora kwa kufuata picha hiyo."

Mimi ni mshonaji. Nimekalia cherehani miaka thelathini na minne, na wateja wananiita Mama Mkasi. Wifi, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kwetu mwaka ule ule niliofungua duka, akasema anakaa wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha. Mimi hukata na kushona, yeye hupinda upindo, hutia vifungo na kupiga pasi. Kaka yake alipofariki tukabaki wawili, tunagombania dirisha kila asubuhi: yeye anataka lifunguliwe, mimi nataka lifungwe.

Mwezi uliopita mwanawe, anayeishi mji mwingine, alimpigia simu: mama, njoo ukae kwangu. Wifi hakumjibu ndiyo wala hapana. Nami sikumuuliza. Niliogopa jibu, huo ndio ukweli, nikajitia nina nguo nyingi za wateja. Kwa hiyo ubao ule kwangu haukuwa mchezo. Chumba chake kikikaa humo, atabaki. Kisipokaa, ataondoka.

Nikakata. Nani wa kunifundisha mkasi? Jiko jekundu, sebule ya kijani, choo cheupe, chumba changu cha buluu na chumba cha Wifi cha njano. Wifi alikuwa ananitazama tu, mikono mapajani. Tukavuta kadi ya kwanza: "Goti limekataa kupanda ngazi."

"Lakini nyumba haina ngazi," nikasema.

"Basi mmepona, Mama."

"Tumeshinda?"

"Hakuna kushinda, Mama."

Kadi ya pili ilisema mmoja wetu anatembelea mkongojo, je, mlango unampitisha? Tukaupanua mlango kwa kalamu. Ya tatu ikasema: "Mwenzako ameanza kusahau. Nani atamsikia akiita?"

"Huyu alianza zamani," Wifi akasema, akanipiga begani. Tukakubaliana vyumba vya kulala vipakane. Hapo tulicheka wote wawili, na nikadhani mambo yananyooka.

Kisha nikapanga. Jiko likakaa, sebule ikakaa, choo kikakaa, chumba changu kikakaa. Cha njano kikagoma. Nikakigeuza, nikakilaza, nikasogeza sebule, nikahamisha choo. Kila nikifanya hivi, nusu yake inaning'inia nje ya ubao, na mwisho kikateleza kikaanguka sakafuni. Sikuelewa. Nilikuwa nimehesabu miraba na kumtajia Binti Rula vipimo kabla ya kukata, na hesabu ilisema vyote vitaenea. Nikahesabu tena. Hesabu ikasema vitaenea, ubao ukasema thubutu.

"Wengi huwatokea," Binti Rula akasema kwa upole ulioniudhi. "Hapa ndipo mnapochagua. Kipi kitoke?"

"Punguza jiko."

"Bado hakitaingia."

"Punguza na sebule, tutakaa jikoni. Na hesabu yako iangalie upya, haiko sawa!"

"Au labda," akasema, akimtazama Wifi, "kama mmoja wenu ana mahali pengine pa kukaa..."

Wifi aliinama, akaokota karatasi ya njano, akaitia mkobani. "Mchoree nyumba ya mtu mmoja," akasema. "Mwanangu ana nafasi." Akatoka barazani bila kugeuka.

Nikaduwaa na mkasi mkononi. Hasira zilinipanda, sijui kwa nani: kwa binti, kwa ubao, kwa aliyebuni mchezo wa kumtoa mtu nyumbani kwake kwa karatasi. Binti naye alikuwa anapima vipande vyangu kimoja kimoja kwa ile rula yake.

"Mama, jiko uliniambia upana miraba sita. Hii ni saba. Choo ulisema minne, umekata mitano. Kila kimoja kimezidi nusu mraba kila upande."

"Hiyo si ziada, ni ya mshono."

"Mshono gani?"

"Ukikata kitambaa kwa kipimo kamili, utashonea wapi?"

Binti akanitazama, kinywa wazi. "Mama," akasema polepole, "nyumba haishonwi."

Mazoea yana taabu. Mkono wangu ulikuwa umeniachia nafasi ya mshono bila hata kuniuliza, na nafasi hiyo ndiyo iliyokula chumba cha Wifi. Nikachomoa sindano yenye uzi ninayoichomeka kwenye ukosi siku zote. Nikakunja kingo, nikaunga jiko na sebule, sebule na choo, choo na chumba changu. Nilipoilaza nyumba ubaoni, pembeni pakabaki pengo safi. Nikatoka mbio kadiri goti lilivyokubali.

Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Lete chumba chako! Niliacha ya mshono, ndiyo maana kilikataa."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona tangu ulipokata jiko. Miaka yote hii nafuata nyuma ya mkasi wako, nisijue?"

Nikazidi kuchanganyikiwa. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka nione utasema nini." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Ulipunguza jiko. Ulipunguza sebule. Ukagombana na hesabu za watu. Lakini kusema 'huyu haendi popote,' hukusema. Mwanangu kanipigia simu kaniambia njoo. Wewe, wifi yangu, tangu nije hujawahi kuniambia kaa."

Nikatafuta siku moja ya kumwonyesha kwamba amekosea. Nikapekua miaka thelathini na minne, na sikuipata. Alikuja kwa wiki mbili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zimefutwa.

"Kaa," nikasema.

"Sijasikia."

"Kaa, wifi yangu. Nakuomba usiende. Hata hilo dirisha, fungua."

Akanitazama kitambo, kama anavyokagua upindo kabla hajakata uzi. Kisha akafungua mkoba, akanipa karatasi ya njano. Kingo zake zote nne zilikuwa zimeshakunjwa na kupigwa ukucha, nusu mraba kila upande.