Habari za Wachezaji wa Zamani

Mwaka 1970 ulipokuwa ukielekea ukingoni, kampuni moja ya biashara yenye makao makuu Bahrain ilikuwa na kituo kidogo cha redio mjini Matrah, Oman, ghorofani juu ya ghala lake. Chini ziliuzwa friji za mafuta ya taa na redio za betri. Juu zilitengenezwa sababu za kununua redio hizo. Sauti ya kituo ilifika hadi mji wa pwani wa Hail siku ambazo hewa ilikubali, na siku nyingine iliishia bandarini.

Hapo mwanzo kulikuwa na mazungumzo ya daktari, maswali ya dini, na barza ya wazee waliobishana juu ya kila kitu. Kisha makao makuu yakaanza kuleta maagizo. Daktari aliondolewa kwa kuwa alitisha watu, na wazee kwa kuwa hawakumaliza kwa wakati. Kwa Kiswahili kilibaki kipindi kimoja cha mpira baada ya adhuhuri, na agizo juu yake: kila kitakachosomwa kihusu mpira au bidhaa za kampuni. Matangazo ya vifo yalitajwa waziwazi na kupigwa marufuku, kwa maelezo kwamba mtu mwenye huzuni hanunui friji.

Meneja, Bwana Ishaq, aliyapokea maagizo kama watu wa Matrah wanavyolipokea joto: alilalamika kidogo, kisha akafungua kifungo cha shingoni.

Msomaji wa kipindi alikuwa Masouda, kijana wa kike aliyekuwa mwalimu Unguja kabla ya familia yake kuhamia Oman. Aliamini kuwa redio ni amana, na kwamba neno likishatoka hewani limekwisha kuwa mali ya wanaolisikia. Lakini alijua pia kwamba jamaa waliotoka Unguja walikuwa wametawanyika. Kule, mtu akifa, habari ilipita mlango kwa mlango, na kabla maji ya kuoshea hayajapata moto, barza ilikwisha jaa. Hapa ndugu wawili waliweza kukaa miji miwili jirani bila kujuana kuwa wamefika. Bila redio, maiti ilizikwa na wapita njia.

Njia ilipatikana alipofariki mtu aliyekuwa kweli winga wa timu moja ya Ng'ambo, Unguja. Masouda alimsoma kama habari ya michezo, akataja na saa ya maziko. Watu walijaa. Siku chache baadaye alifika mtu aliyefiwa na baba aliyependa sana kutazama mpira, na Masouda akaona kuwa tofauti si kubwa. Baada ya hapo kila marehemu alikuwa na namba yake uwanjani.

Shida ilikuwa kuipata namba hiyo.

"Golikipa haiwezekani," alisema Majid, karani wa forodha aliyefiwa na mjomba. "Mjomba wetu alikuwa kadhi. Mtu atamwona anajitupa chini vumbini?"

"Nimweke fulbeki?"

"Fulbeki si ndiye anayepiga watu miguu? Muweke senta hafu, dada. Yuko katikati, amesimama, anawatazama wenziwe."

Kadhi akawa senta hafu, na hakuna aliyepinga.

Bwana Ishaq alimwita Masouda. "Hebu niambie. Hiyo ligi ya Unguja ilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Kubwa, Bwana Ishaq."

"Naona. Na wachezaji wake wote walikuwa wazee?"

"Wamezeeka tangu hapo."

Bwana Ishaq alitazama dirishani. Makao makuu, alisema, yamefurahishwa na sehemu ya wachezaji wa zamani, kwa sababu redio zinauzika. Yameagiza tangazo la friji lisomwe kabla ya kila mchezaji. Kuanzia siku hiyo Masouda alisoma kwamba friji hii huhifadhi nyama kwa muda mrefu katika joto lolote, kisha akasoma jina la marehemu.

Asubuhi moja ya Jumatatu alikuja Hamdiya, jirani wa nyuma ya ghala, akasema kuna msiba nyumbani kwa Bi Bakhita. Masouda alijitanda buibui akaenda. Bi Bakhita na mumewe, Mzee Sleyum bin Aflah, walikuwa wamefika Matrah majuzi tu. Hawakuwa na mtoto. Mzee alikuwa amelazwa chumba cha pili, amefunikwa shuka nyeupe, na barazani alikaa mtu mmoja, mwenye nyumba, ambaye alishauliza mara mbili kama maziko yatachelewa.

"Mume wangu hakukosa ziko la mtu," Bi Bakhita alisema. "Unguja nzima. Awe anamjua, awe hamjui, yeye yumo, kashika jeneza. Leo nani atamshika yeye? Ana watoto wa ami zake Hail, na wengine Sidab, wala hawajui kama tumekuja. Nnataka wasikie, mwanangu. Hilo tu."

"Watasikia, bibi. Nikupe pole, na nikuulize jambo. Nimtaje alicheza namba gani?"

"Namba gani ya nini?"

Masouda alimweleza. Bi Bakhita alisikiliza hadi mwisho.

"Sleyum? Mpira?" Aligeukia Hamdiya kana kwamba anataka shahidi. "Alikuwa akiwafukuza watoto kwa bakora wasicheze mbele ya nyumba!"

"Ni maneno tu, bibi. Tumwite winga. Hakuna ubaya."

"Hakuna ubaya kwako. Yeye jioni hii anakwenda kuulizwa maswali kaburini, na sisi huku nyuma tushamsingizia. Hata. Mtangaze kama alivyo, au mwache azikwe na huyo wa barazani."

Mwenye nyumba alikohoa.

Masouda alirudi kituoni. Alijua kwamba akimtaja Mzee Sleyum kama winga, barza itajaa na mjane hatamsamehe. Akinyamaza, mzee atabebwa na watu wa kuokotwa njiani. Aliketi mbele ya maikrofoni. Harub, fundi wa mitambo, alimwashia taa.

"Katika habari za michezo," Masouda alisoma, "Mzee Sleyum bin Aflah, aliyekuwa karani wa bandari Unguja, hakucheza mpira. Hakuwa golikipa, hakuwa winga, wala hakuwa akitazama. Hakuupenda. Amefariki leo asubuhi hapa Matrah. Maiti itatoka nyumbani kwake, nyuma ya ghala la friji, baada ya sala ya alasiri. Habari ziwafikie watoto wa ami zake wa Hail na Sidab, ambao hawana habari kuwa alifika. Yeye hakukosa maziko ya mtu. Sasa matokeo ya jana."

Harub aliangalia mitambo yake kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Bwana Ishaq aliingia matokeo yalipokwisha.

"Ile ilikuwa habari ya mpira?"

"Nimeutaja mpira, Bwana Ishaq."

"Umeutaja kwa kuukana."

"Agizo halikukataza kuukana."

Bwana Ishaq alifikiri. "Kweli, halikukataza. Na tangazo la friji?"

"Sikulisoma."

"Ah," alisema Bwana Ishaq, akaenda kuvaa kilemba chake.

Alasiri Masouda alikuwa ndani na wanawake. Bi Bakhita alikaa juu ya mkeka, uso ameuelekeza ukutani. Kisha ikasikika gari, na nyingine, na salamu nyingi barazani. Mtu alikuwa akiuliza kwa sauti ni nani huyo ambaye hakucheza mpira, maana ni wa kwanza. Mwingine akamjibu kwa ukali kwamba ni mtoto wa ami yake, na avue viatu.

"Wamekuja?" Bi Bakhita aliuliza.

Hamdiya alichungulia. "Njia haipitiki, bibi. Wanapokezana jeneza. Mwenye nyumba hata hakupata nafasi."

Bi Bakhita alilia hapo kwa mara ya kwanza.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Bwana Ishaq, suruali yake ikiwa na udongo magotini, alimwita Masouda mlangoni. Alimwambia kwamba Bahrain walikwisha pata habari, wakapiga simu. Kuanzia kesho saa ya kipindi itajazwa kanda za muziki na matangazo ya bidhaa, na msomaji hahitajiki. Alimpa mkono wa pole, bila kufafanua ni kwa msiba upi.

"Alikuwa nani?" Bi Bakhita aliuliza Masouda aliporudi ndani.

"Mkubwa wangu wa kazi. Wamekifunga kipindi."

"Kwa ajili ya mume wangu?"

"Kwa ajili ya friji, bibi."

Bi Bakhita alisogea kumpa nafasi kwenye mkeka, kisha akabadili shauri. "La, usikae. Wanawake wa Hail ndio kwanza wanashuka garini, na mimi simjui hata mmoja. Simama hapo mlangoni unitajie."

Masouda alisimama mlangoni. Kila mwanamke aliyeingia, Masouda alimwuliza jina kwa sauti ya chini, kisha akamgeukia mjane, akalitaja kwa sauti yake ya kazini: jina, la baba, na mji aliotoka.