Kikopo cha Nyota

Karima na wifi yake Djamila hawakupendana tangu siku ya harusi, na mtaa mzima ulijua, hata wale ambao hawakuuliza. Lakini siku ile, nje ya wodi ya watoto, hakuna aliyejisumbua kuificha chuki. Ndani alilala Nyota, binti wa Djamila, tumbo limevimba, anatapika, homa haishuki.

Karima alikuwa mtafiti wa minyoo. Cheka ukitaka, ni kazi kama kazi nyingine. Alitaka kujua kwa nini watoto wa kule kijijini Yanonge, wenye minyoo tele, hawasumbuliwi na pumu wala mzio kama watoto wa mjini. Alishuku kwamba minyoo, ili isifukuzwe, huutuliza mwili, na mwili uliotulizwa haugombani na kila vumbi linalopita. Basi akapita nyumba kwa nyumba mtaani kwa kaka yake Mohamadi, mume wa Djamila, akigawa vikopo: kila mama aweke choo cha mtoto wake, yeye atavipitia asubuhi. Vikapimwa. Hakuna mnyoo hata mmoja, na mtaa ule ndio uliojaa watoto wenye pumu. Jibu lilikuwa zuri mno, lilimkaa moyoni kama chakula alichokitamani siku nyingi, na hakutaka kulichokonoa.

Nyota alikuwa mmoja wao. Pumu ilipomzidi, daktari Hilaire alitaka kumpa vidonge vikali vya kufungua kifua. Vidonge hivyo hupunguza nguvu za mwili kujikinga, na kuna mnyoo mmoja mdogo ambao ukipata mwanya huo huzaana ovyo na kutapakaa hadi mapafuni. Kwa hiyo aliuliza kwanza kama mtoto ana minyoo.

"Hana," Karima alijibu. "Nilimpima mwenyewe."

Vidonge vikatolewa. Na sasa walikuwa hapa.

"Mulimupa nini mutoto wangu?" Djamila aliuliza.

"Alipewa dawa kwa sababu kikopo chake kilikuwa safi."

Djamila akatazama pembeni. Hapo Karima akashtuka, maana wifi yake hakuwa mtu wa kukwepa macho. Hata akikutukana hukutukana usoni.

"Wifi, kile kikopo kilikuwa cha nani?"

"Cha mapasa."

Ah, mapasa. Mtaani pale mama aliyezaa mapacha huitwa Mama Mapasa, na heshima yake si ndogo, kwa sababu pacha halogeki. Atakayejaribu atajiloga mwenyewe. Sasa mama gani mwenye akili timamu atoe choo cha mtoto wake, mtu aondoke nacho? Nywele, kucha, choo, si ndivyo vitu vya kulogea? Akina mama walikubaliana kimyakimya, vikopo vyote vikajazwa kwa Mama Mapasa. Na yeye alikuwa muuza dawa sokoni, mapacha wake walimeza dawa ya minyoo kama pipi.

"Vikopo vya mtaa mzima?"

"Mutaa muzima."

Mikono ya Karima ilimwasha. Alitaka kumzaba kofi, kisha alitaka kujizaba mwenyewe, kwa kuwa mtafiti gani asishangae mtaa mzima usio na mnyoo?

"Mimi ni dada wa baba yake. Ulidhani nitakipeleka kwa mchawi gani?"

"Hakuna muchawi mwingine," Djamila alisema taratibu. "Ni wewe niliogopa. Hauna mutoto, na wangu unamuangaliaka kama kitu ya duka. Bon, umeuliza, nimejibu."

Neno hilo lilimuuma Karima, liliuma vibaya.

"Nipe choo chake cha kweli," alisema. "Kama ni ule mnyoo ninaoufikiria, atakufa."

Djamila akaingia wodini, akatoka na kikopo amekikumbatia. "Tunaenda wote. Sitakiacha na wewe peke yako."

Kwenye maabara alisimama nyuma ya Karima, karibu mno, pumzi zake zikimpiga shingoni. Chini ya hadubini minyoo ilikuwa ikijinyonganyonga, mingi kuliko Karima alivyowahi kuona. Akasogea pembeni.

"Angalia mwenyewe."

"Sikukuja kuangalia vidudu. Nimekuja kukuangalia wewe."

Hilaire akaanza kupunguza vile vidonge na kumpa Nyota dawa ya minyoo. Zikapita siku ambazo hakuna aliyethubutu kusema atapona. Kisha homa ikashuka. Karima alipofika wodini na chupa ya maji, alimsikia mtoto kabla ya kumwona.

"Mama, tantine Karima iko wapi?"

Karima, shangazi mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni. Djamila aliinua macho, wakatazamana.

"Haiko," Djamila alimwambia mwanawe, bado akimtazama wifi yake. Kisha akanyoosha mkono, akavuta pazia la kitanda.