Paneli Saba

“Huu nao una maneno,” alisema Mkandarasi kutoka juu ya ngazi. Alikuwa amechomeka mtaimbo nyuma ya ubao wa tisa. Akaukandamiza, ubao ukalia kama mbuzi anayevutwa sikio, kisha ukaachia. Akaugeuza, akapuliza vumbi na utando wa buibui, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani: “‘Mpira wa watoto wa jirani. Wamekana wote. Mwezi wa tatu.’ Sasa jamani, huu ni ukuta au kituo cha polisi?”

Waliokuwa uani walicheka. Kiraka alicheka kuwashinda wote, maana kicheko ukikiwahi mwenyewe hakiumi sana.

Jina hilo la Kiraka alipewa na kaka yake mkubwa, Daktari wa meno, miaka mingi nyuma, siku alipokuja kwa saa mbili kumwona baba yao mgonjwa. Alikuta ukuta wa nje umejaa mbao za kila kabila: nyekundu, nyeusi, ya manjano, na moja iliyotoka kwenye sanduku la mashine, ina mshale na maneno “UPANDE HUU JUU”. Mdogo wake alikuwa ameupigilia mshale ukitazama chini. “Wewe si fundi,” Daktari alisema, “wewe ni kiraka.” Jina likanasa. Hata baba yao, ambaye wakati huo maneno yalikuwa yanamtoka moja moja kama maji ya bomba lililokatwa, alijifunza kulitamka.

Baba huyo alikuwa seremala, na ndiye aliyeanzisha desturi ya kuandika. Kila ubao uliobadilishwa kwenye nyumba hii uliandikwa kwa nyuma, kwa penseli, siku ulipopigiliwa na sababu yake. “Ubao usiojulikana umekuja lini,” mzee alikuwa akisema, “utaulaumu vipi ukioza?” Yeye aliandika kwa mkato: mvua, mchwa, mchwa tena. Kiraka, aliyekuwa na jioni nyingi na wa kuzungumza naye wachache, alikuwa na mkono mrefu zaidi.

Wala hakuwahi kufikiri kuna siku mbao zote zingeng’olewa kwa wakati mmoja na kusomwa mbele za watu.

Simu ilikuwa imekuja mwezi mmoja kabla. “Tunaibadilisha nyumba nje yote,” Daktari alisema. “Mbao zote chini, tunaweka paneli za plastiki, nyeupe, haziliwi na mchwa, hazitaki rangi. Utafaidi wewe unayekaa humo.” Kiraka aliibeba sentensi hiyo ya mwisho hadi kwa muuza duka, akaisema, kesho yake akairudia, mpaka muuza duka akamwambia, “Ndugu yangu, nimekwisha kusikia, faidi basi.”

“‘Mvua ya siku tatu,’” Mkandarasi aliendelea na ubao mwingine. “‘Baba amelowesha kitanda mara mbili. Nimebadilisha shuka, kisha nimebadilisha ubao.’”

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Dada yao, wa katikati, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai, aliangalia ndani ya kikombe kana kwamba kimeanguka kitu.

“‘Ubao mzima kabisa,’” Mkandarasi alisoma wa tatu, na sauti ya mzaha ikawa inamponyoka. “‘Mke wangu ameondoka leo asubuhi. Amesema hakuolewa na mgonjwa. Nimeubadilisha ili mikono ipate kazi.’” Akaushusha ubao. “Mzee, samahani. Sikujua.”

“Samahani ya nini?” Kiraka alisema. “Ubao ule wa zamani ulikuwa mzuri kweli. Nilijuta wiki nzima.”

“Acheni kusoma,” Daktari alisema. Alikuwa amevaa viatu ambavyo havikupenda matope, amesimama juu ya kipande cha tofali kama kuku. “Tumekuja kujenga au kusali? Zitupeni kwenye moto pale konani.”

Ubao uliofuata Mkandarasi hakuusoma. Aliutazama, akamtazama dada mtu, akauegemeza chini taratibu. Dada akainuka mwenyewe akaenda kuuokota. Alisoma midomo ikicheza.

“Nilisema nitakuja lini?” akauliza.

“Tarehe ipo hapo chini,” Kiraka alisema.

“Naiona. Nauliza, nilisema?”

“Ulisema Jumamosi. Baba alinyolewa akusubiri.”

Dada alisimama na ubao mkononi, uzi wa machozi ukimning’inia kwenye kope bila kuamua. Kisha akaenda kwenye moto, akauweka. Hakuutupa, aliuweka, kama mtu anavyoweka mtoto aliyelala, na akasubiri mpaka ukashika vizuri.

Kufika saa nane mchana nyumba ilikuwa imevuliwa nguo zote, imebaki mifupa na karatasi nyeusi ya kuzuia maji. Mifupa yenyewe ilikuwa mizima. Mkandarasi alipita akigonga nguzo kwa mpini wa nyundo, akisikiliza kama daktari wa kifua. Zote zikajibu vizuri.

“Nani amekuwa akiitunza hii?” aliuliza.

“Mimi.”

“Miaka mingapi?”

“Kumi na tisa.”

“Nguzo hizi zitatuzika sote.” Akasema kwa sauti ya chini, fundi kwa fundi, na Kiraka akahisi mgongo unanyooka wenyewe.

Kwa hiyo alipoambiwa asogeze paneli za ukuta wa jikoni, alizibeba kama mtu anayebeba vyombo vya harusi. Paneli zilikuwa zimefungwa mafungu mafungu, kila fungu limeandikwa ukuta wake. Ndefu, nyepesi, nyeupe kama meno ambayo Daktari aliwauzia watu. Kiraka akazihesabu. Hakuna aliyemtuma, lakini seremala na mbao ni kama mama na watoto wakivuka barabara, huhesabu bila kujua.

Hamsini na nne.

Akatazama ukuta, akatazama fungu. Ukuta ule ulichukua paneli tatu kwa safu, na safu ni kumi na nane. Tatu mara kumi na nane, sawa, hamsini na nne. Lakini ukuta wa jikoni ulikuwa na mlango.

Mlango ule aliutoboa mwenyewe. Nyumba ilikuwa na ngazi sita mbele, na baba yao alipopooza zile ngazi zikageuka mlima. Ndipo Kiraka akakata ukuta wa chumba cha pembeni, kilichopakana na jikoni, ambako ardhi imeinuka hadi usawa wa sakafu, akaweka mlango mpana wa vipande viwili unaofungukia ndani, upana wa kupitisha kitanda cha chuma. Kila asubuhi kwa miaka sita alikisukuma kitanda hadi juani, kila adhuhuri akakirudisha. Siku ya mwisho kilitoka hakikurudi. Baada ya hapo chumba kikawa chake, na mlango ukawa wake. Hapo alikaa kizingitini akinywa chai, hapo alimwaga maji ya kunawa uso kila asubuhi, kwenye majani yaliyokuwa yamemea kwa maji hayo tu.

Mlango ulikula nusu paneli kwa kila safu. Safu kumi na nne. Nusu mara kumi na nne ni saba.

“Zimezidi saba,” Kiraka alimwambia Mkandarasi. “Umeagiza nyingi. Umesahau kutoa mlango.”

Mkandarasi alikuwa anakunja futi kamba. Akaikunja mpaka mwisho. Kisha akaifungua tena, akaanza kuikunja upya.

“Sikusahau,” alisema.

“Hesabu rahisi hii. Njoo nikuonyeshe.”

“Mzee wangu,” Mkandarasi alisema, “mimi nimefuata mchoro. Ongea na kaka yako.”

Kaka yake hakuzunguka sana, hilo lazima tumkubalie. Alizoea kumwambia mtu jino linatoka na huku koleo tayari liko mdomoni. Nyumba ingekodishwa, alisema. Kuna kampuni inataka ya kufikia wageni wake, na wageni hawataki mlango unaoingia pembeni kama wa zizi. Chumba kile kitakuwa stoo. Wao wawili walikwisha kukubaliana.

“Wawili gani?”

“Mimi na dada yako.”

Kiraka akageuka. Dada alikuwa anazikusanya sahani zilizokwisha kukusanywa.

“Mimi nilidhani amekuambia,” dada alisema, akimwonyesha Daktari kwa kidevu.

“Na mimi nilidhani wewe umemwambia,” Daktari alisema.

“Basi nimeambiwa na paneli,” Kiraka alisema. “Si vibaya. Zinahesabika.”

“Usilifanye kubwa. Hatukutupi. Nyuma ya kliniki yangu kuna chumba kizuri, kina umeme. Utakuwa unaniangalizia lango. Jumapili gari litakuja kuchukua vitu vyako.”

“Mlinzi.”

“Ndugu anayeangalia mali ya ndugu yake. Kwani hapa ulikuwa unafanya nini?”

Kiraka alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, refu, na limeandikwa lote. Lilikuwa linaungua pale kwenye kona ya uwanja, moshi wake ukipinda kuelekea kwa jirani.

“Kaka,” alisema baadaye, “lile jino la mbele baba alilovunjika siku aliyoanguka, ulisema utakuja kulitengeneza.”

“Sasa hilo linahusiana nini?”

“Hamna. Nimelikumbuka tu.”

Alikwenda kukaa kando ya rundo la misumari iliyonyooshwa, na huko angeweza kukaa hadi jua lizame, angeweza hata kuondoka, kama si msaidizi wa Mkandarasi. Huyu alikuwa jitu la miraba minne lenye moyo mwema na jicho bovu. Alianza ukuta wa jikoni, akapigilia paneli ya kwanza, akapigilia ya pili. Kiraka alijitahidi kutotazama. Akatazama moto, akatazama vidole vyake vya miguu. Mwishowe akatazama ukuta.

Safu ilikuwa inapanda. Kidole kimoja tu upande wa kulia, lakini kidole kimoja chini ni kiganja kizima juu, na ukuta uliopinda huwacheka wenye nyumba maisha yao yote.

“Simama,” Kiraka alisema. “Umeweka pima maji?”

“Nimekadiria, mzee.”

“Umekadiria. Toka hapo. Utaniharibia ukuta.”

Mkandarasi alimpa msaidizi ishara asogee. Kiraka akang’oa zile mbili, akaweka pima maji, akasubiri kile kiputo kitulie katikati, kisha akaanza upya. Alifanya kazi bila kugeuka. Safu ya kwanza, ya pili. Kila paneli aliikalisha juu ya mwenzake mpaka ilie “tak”, msumari usikazwe hadi mwisho ili plastiki ipate nafasi ya kupumua jua likiwaka. Akaufikia mlango, akaufunga, akajaribu kitasa kwa mazoea kuona kama umeshika, akaanza kuupandia. Ukapotea magotini. Ukapotea kiunoni.

Dada alikuja akasimama nyuma yake.

“Kwa nini unafanya wewe? Waachie wenyewe.”

“Wangeupinda.”

“Si basi upinde.”

“Wewe una nyumba yako iliyonyooka,” Kiraka alisema, misumari miwili ikiwa mdomoni, “hujui.”

“Usinichukie, mdogo wangu.”

“Nipe hiyo paneli. Hiyo fupi.”

Akampa. Ilikuwa ya mwisho juu ya mlango. Kiraka aliigeuza, akatoa penseli sikioni kama alivyofanya mara mamia, akaweka ncha nyuma ya ule weupe. Penseli ikateleza. Akailowesha kwa ulimi, akakandamiza. Haikuacha hata mstari. Akajaribu kwenye pembe, akajaribu na msumari, na mkwaruzo wenyewe ulikuwa mweupe juu ya nyeupe. Dada yake alikuwa anatazama.

“Ulitaka kuandika nini?”

“Tarehe,” alisema, akaipigilia.

Usiku ule walilala wote ndani ya nyumba, Daktari chumba cha mbele, dada sebuleni, Kiraka kwake, ambako sasa aliingilia jikoni kama mgeni. Akalala usingizi wa mtu aliyebeba paneli hamsini na nne.

Asubuhi aliamka macho yangali nusu. Mikono ikafanya inayoyajua: ikajaza beseni, ikanawa uso, ikasukutua mdomo, ikatoa komeo, ikavuta vipande vyote viwili vya mlango, ikatupa maji mbele kwa nguvu.

Maji yakagonga, yakarudi yote. Yakamlowesha miguu, pindo la suruali, mkeka, viatu vilivyokuwa vimepangwa tayari kwa Jumapili.

Alisimama na beseni tupu. Mbele yake, kwenye fremu ya mlango, kulikuwa na mgongo wa paneli, safu kwa safu, zimenyooka kama mistari ya daftari. Mwanga mwembamba uliingia kwenye maungio na kumchora kifuani.

Nje kulikuwa na nyayo kwenye changarawe, na sauti za watu walioamka vizuri.

“Na huku je?” Daktari alikuwa anasema. “Njoo uone huku. Huwezi hata kujua palikuwa na kitu.”

“Wamefunga vizuri?” dada aliuliza.

“Mawe haya. Sikiliza.”

Kiganja kikapiga paneli mara tatu, kifua kwa kifua na Kiraka: ngo, ngo, ngo.

“Karibu,” Kiraka alisema, kabla hajauwahi mdomo wake.

Nje, kiganja kikaondoka kwenye paneli. Maji yalikuwa bado yanatafuta njia sakafuni, yakizunguka vidole vyake.