Uzito wa Ladu

Mbwa hawakunisumbua kamwe. Hata wale waliokuja wamefungwa midomo walinilalia mapajani kama watoto walioshiba. Aliyenisumbua ni mtu aliyeshika kamba ya mbwa. Kufikia muhula wa mwisho wa chuo cha uuguzi wa wanyama nilikuwa nimefaulu kutoa damu, kupiga eksirei, kusafisha meno ya paka na kumshika sungura asijivunje mgongo. Lilibaki jambo moja: kumweleza mwenye mnyama habari nzito, ana kwa ana, msimamizi akisikiliza. Nikishindwa, ningerudia mafunzo ya vitendo mwaka unaofuata.

Msimamizi wangu katika kliniki ya Unionville, huku ughaibuni, alikuwa Michelle, muuguzi wa wanyama wa miaka mingi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya kucha na moyo usio na hata kovu moja. Kwa wema wake alinichagulia mteja aliyedhani ni rahisi. Huyo alikuwa Mama Gulshan, mzaliwa wa Moshi, ambaye aliposikia natoka Kenya aliacha Kiingereza chake mlangoni pamoja na viatu vya theluji.

Paka wake aliitwa Ladu. Alikuwa wa rangi ya chungwa, na mviringo kama ladu, ile tamutamu ya Kihindi aliyopewa jina lake. Mizani ilisema kilo nane. Daktari alisema sukari yake iko mpakani, na asipopungua itabidi adungwe insulini kila siku. Kazi yangu ilikuwa kumwambia mwenyewe.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza habari za masomo, za baridi, na za mama yangu ambaye hawajawahi kuonana. Michelle alisubiri pembeni. Nikajikaza.

"Mama," nikasema, "Ladu amenenepa sana."

Uso wake ukang'aa. "Ahsante, mwanangu. Wengine wanamwangalia tu, hawasemi kitu."

Hapo ndipo ningepaswa kumsahihisha. Lakini nimelelewa mahali ambapo mgeni akikuambia umenenepa, mama yako ndiye anayejibu asante. Nilijua vizuri alichosikia: kwamba nyumba yake ina baraka na mkono wake hauna uchoyo. Unaanzaje kumwambia mtu wa umri wa nyanya yako kwamba baraka zimezidi? Nikasema ni kweli, anapendeza. Akanishika mashavu kwa mikono miwili.

Michelle hajui neno la Kiswahili. Alinisifu sana baadaye, akisema hajawahi kuona mteja akipewa habari kama ile akafurahi kiasi kile. Hata hivyo alama hakunipa. Alitaka kwanza Ladu arudi kupimwa.

Ladu alirudi mwezi uliofuata akiwa ameongeza nusu kilo, pamoja na sahani ya kababu kwa ajili yetu wafanyakazi. Mama Gulshan alizitazama namba za mizani kama mzazi anayesoma ripoti ya mtoto aliyeshika namba moja. Alinieleza kwamba baada ya sifa zangu ameanza kumwongezea kijiko cha samli asubuhi, juu ya maziwa na kababu anazompa kila siku.

Michelle akanivuta kwenye chumba cha dawa na kuniuliza nilimwambia nini hasa huyu mama. Nikamweleza. Alikuna kovu moja, kisha akasema Mama Gulshan atarudi Alhamisi kuchukua majibu ya damu, na kwamba hiyo ndiyo nafasi yangu ya mwisho, kwa sababu alama zinatakiwa chuoni Ijumaa.

Binamu yangu Winfred, nesi ninayeishi naye Etobicoke, alijitolea kunifanyisha mazoezi. Alikaa kwenye kochi akapakata mto kama Ladu, akawa Mama Gulshan. Alikuwa Mama Gulshan kupita kiasi. Kabla sijafika kwenye habari za samli nilikuwa nimeshakubali kikombe cha pili cha chai na kumwahidi kwamba nitaolewa karibuni.

"Wewe hata huo mto hungeuambia ukweli," Winfred akasema, akinitupia. "Wagonjwa wangu nawaambia, wananitukana, tunaendelea na kazi."

Alhamisi ikafika. Sukari ilikuwa imepanda kidogo. Michelle alikaa kwenye kistuli, kalamu mkononi. Mama Gulshan alisimama mbele yangu akitabasamu, akingoja sifa.

Kwetu, mtu akishindwa kumwambia mwenzake jambo, humwambia kuku. Jirani akikaa sebuleni mpaka giza, mama yangu hutoka uani akamkemea jogoo: wewe, hujui wenzako wameshaingia kulala? Jirani huaga. Nilimtazama Ladu aliyejimwaga mezani.

"Wewe Ladu," nikasema, "huna huruma."

Tabasamu la Mama Gulshan likasimama lilipokuwa.

"Unakula kila kitu. Maziwa, kababu, sasa samli. Sukari inakupanda na unajifanya huna habari. Utaugua, na mama atakuwa anakudunga sindano kila siku kwa mikono yake mwenyewe. Ndivyo unavyotaka?"

Mama Gulshan alianza kumpapasa paka upesi upesi, bila kunitazama.

"Ladu," akasema, "mwambie huyu binti kwamba wewe huombi. Unapewa."

"Basi, Ladu, mwambie anayekupa apunguze."

"Mwambie binti kwamba anayekupa ana watoto walio mbali, Calgary na Vancouver, na sufuria zake hazijui kupika kidogo."

Ladu akapiga mwayo.

Michelle akakohoa. Kwa upole alinikumbusha kwamba mtihani ni wa kuzungumza na mteja, na mpaka sasa nimezungumza na paka peke yake. Nikainua macho. Yalikuwa mazito kuliko Ladu.

"Mama Gulshan," nikasema, "ukiendelea kumlisha hivi utampoteza. Samli iishe leo, na maziwa. Nitakupa kikombe cha kupimia chakula chake."

Safari hii hakunishika mashavu. Alitazama dirishani, kwenye maegesho. Nikaanza kusema samahani, akainua mkono.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Ukiniomba msamaha nitampa tena."

Kisha akamgeukia Michelle na, kwa Kiingereza cha mtu aliyeketi kwenye mikutano ya benki maisha yake yote, akamweleza kwamba ameambiwa anamuua paka wake, na kwamba ameambiwa vizuri. Michelle akaandika. Alinionyesha baadaye: nimefaulu, ila siku nyingine nianze na binadamu.

Mama Gulshan alitia kikombe cha kupimia mkobani. Alimrudisha Ladu kwenye kizimba chake, akavaa viatu vya theluji, akafika mlangoni. Hapo akasimama na kuinamia kizimba.

"Ladu," akasema, "muulize huyo binti kanisani kwao wanatoka saa ngapi Jumapili. Akitoka apite nyumbani; zile kababu zako lazima ziliwe na mtu."

Nikamwambia Ladu kwamba tunatoka saa saba.