Gobore Langu Lilivyodai Talaka

Usiku wa jana niliota niko porini na gobore langu begani, mvua inanyesha, na kongoni amesimama mbele yangu kama anayesubiri kupigwa picha. Nikachomoa gunzi la muhindi nililozibia mdomo wa mtutu, nikalenga, nikafyatua. Fataki ikalia ta! Baruti ikanyamaza.

"Ndiyo maana mmeitwa," akasema kongoni. "Ingieni."

Pori likawa ofisi ya baraza la usuluhishi wa ndoa. Kongoni yuko kwenye kiti cha mwenyekiti, amevaa miwani. Gobore langu limekaa kwenye benchi la walalamikaji, limejitanda kitenge, linachuruzika maji. Ubavuni mwake, karibu mno kwa maoni yangu, amekaa jirani yangu Kapuli, mfuga nyuki mwenye madole gumba kama miko ya ugali. Gobore la Kapuli hulia hata masika.

"Nataka talaka," likasema langu.

"Kisa?"

"Ananiziba kwa gunzi. Gunzi linanyonya mvua, mvua inanishuka tumboni, baruti inakuwa uji. Tukirudi ananitundika kwenye msumari karibu na moto, natoka jasho ndani kwa ndani. Halafu anawatangazia watu kwamba mimi ni bovu."

"Na huyu je?" Kongoni akamwelekezea Kapuli pembe.

Gobore likainamisha mtutu kwa haya. "Huyu huziba kwa nta."

Wivu ukanipanda hadi utosini. "Umeijulia wapi nta yake?"

"Siku ile ulipomwacha kwangu ukaenda msibani," akasema Kapuli. "Shemeji alikuwa amelowa chapachapa. Nikamfuta na kitambaa, nikampaka mafuta kidogo. Kuna ubaya, kaka?"

"Mwenyekiti, umesikia? Kampaka mafuta!"

Kongoni akagonga meza kwa kwato. "Kanuni ya wawindaji: itunze silaha yako kama nafsi yako. Basi nawe utatunzwa kama ulivyoitunza. Kisha jitetee. Ukishindwa kusema, gobore linaenda na Kapuli."

Wananitundika ukutani kwenye msumari. Wananiziba mdomo kwa gunzi. Paa linaomba ruhusa, linatoka. Mvua inaingia. Gunzi linavimba, maji yananishuka kooni.

Sasa wanalichomoa. "Jitetee," anasema kongoni.

Nataka kusema nalipenda gobore langu. Nataka kusema kukosa nyama nimezoea, ila kuliona begani mwa Kapuli, hapana, nitakufa. Nakusanya nguvu zangu zote. Kifua kinalia ta! Sauti haitoki.

"Bovu," linasema gobore, kwa sauti yangu mwenyewe.

Kapuli analainisha nta kiganjani. Anaikandamiza mdomoni mwa gobore kwa dole gumba, taratibu, huku ananitazama. Gobore linatulia kama mtoto aliyeshiba.

Nikaamka napiga kelele.

"Unamgombeza nani tena, baba Kabula?" akauliza mke wangu, hata hakugeuka.

Niliangalia ukutani: gobore langu liko palepale kwenye msumari. Nikashusha pumzi. Nikaenda kulipapasa mdomo.

Gunzi hakuna. Kuna nta, bado laini, katikati ina alama ya dole gumba.

Nikapachika dole langu. Linapwaya.