Upepo wa Breki

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo. Usiachie mpaka niseme."

Mama mtu akashikilia, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani utadhani gari linakwenda. Halikuwa linakwenda popote. Lilikuwa juu ya stendi uani, kati ya kamba ya nguo na makochi ya wateja, magurudumu ya nyuma yamevuliwa. Mwanawe, fundi makochi, alilala chini yake akitoa upepo kwenye breki, inaonekana miguu tu.

Gari lenyewe lilikuja vipandevipande ndani ya makasha, mwenyewe akawa analiunganisha kila akipata nafasi. Majirani waliliita Kesho, maana kila ukimuuliza litatembea lini, jibu lilikuwa hilo. Nyuma lilikuwa na breki za dramu, na zilishika vizuri tu. Yeye akaziona za kizee. Akazing'oa, akafunga za diski alizozitoa kwenye gari bovu. Mtu mwenye kizuri akianza kutamani kizuri zaidi, mwangalie sana.

"Achia."

Pedali ikarudi polepole, kivivu.

"Bado inazama," mama alisema.

"Upepo umeisha, mama. Mafuta yanatoka safi, hakuna hata povu. Ni pedi mpya hizo, zitakaa sawa njiani."

"Njiani wapi? Kwenye mteremko?"

Mke wa fundi akatoka ndani, amependeza, mtoto amemlalia begani. Baba yake mwanamke huyo alikuwa ametoka hospitali, na walikuwa wamemwahidi kwamba leo, lazima, atamwona mjukuu.

"Tunakwenda au hatuendi? Baba anapiga simu tangu asubuhi."

"Tunakwenda. Mama, shuka nirudishe magurudumu."

"Sishuki."

"Mama!"

"Sishuki, nimesema. Mguu wangu unafika sakafuni, halafu wewe unataka kumpakia mjukuu wangu humu? Ukitaka kiti chako, nibebe nacho."

Mkewe akacheka, kisha akaacha. Aliinama mlangoni, akaisukuma pedali kwa mkono.

"Mume wangu, hii breki umeijazia sponji za makochi?"

 Fundi alijisukuma zaidi chini ya gari, akijifanya anatafuta spana, ili asionekane ametii. Akaitazama breki ya upande huu. Akaitazama ya upande ule. Nati ndogo za kutolea upepo zilikuwa zimeelekea ardhini, zote mbili. Upepo hupanda juu. Nati ikiwa chini, yatatoka mafuta na upepo utabaki humo umestarehe. Mkono wa kushoto wa kochi ukiufunga kulia, hata mtoto atakucheka. Breki ukiikosea inakubali, inafungika, na inanyamaza.

"Nimezibadilisha," sauti ikatoka chini. "Ya kushoto nimeifunga kulia, ndiyo maana nati zimetazama chini."

 Mama alikuwa ameyaandaa maneno yake tangu zamani, lakini aliyameza, akaachia usukani. 

"Itachukua muda gani?" mkewe aliuliza.

"Mpaka jioni. Nifungue, nizigeuze, tutoe upepo upya."

Mke alimpa mama mkwe mtoto, akaenda na simu hadi kwenye kamba ya nguo.

"Shikamoo baba. Leo hatuji." Akasikiliza. "Hapana, hakuna kilichotokea. Wote wazima. Ndiyo baba, wazima kabisa."

Aliporudi alivua viatu vyake vya kutokea, akafunga kitenge juu ya gauni, akachuchumaa karibu na miguu ya mumewe.

"Nishike nini?"

"Hiyo chupa ya mafuta. Usiimwage."

Mama hakushuka. Alikuwa ameiondoa miguu kwenye pedali, akaikunja kando, amempakata mjukuu. Kule chini spana ilianza kuvuta nati iliyokaza, na kwa kila mvuto Kesho likatikisika kidogo pale pale liliposimama, likiwabembeleza wote wawili, na mtoto akazidi kuzama usingizini.